Picha ya mandhari isiyofifia, kuanzia jiwe la mbele hadi mlima wa mbali

Picha nyingi za mandhari haziharibiwi na kamera duni. Huharibiwa na mambo matatu: kamera imetikisika kidogo, fokasi imekaa pasipofaa, au anga limeungua likabaki jeupe. Ubaya wa mambo haya ni kwamba hayajitokezi kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Kioo hicho ni kidogo mno, na picha yoyote ikifinywa kiasi hicho huonekana safi. Ukishafika nyumbani ukaifungua kwenye kompyuta na kuikuza hadi asilimia 100, ndipo unapoona majani ya mbele yamefifia na kilele cha mlima kina kingo mbili. Wakati huo mwanga wenyewe umeshapita.

Nitafuata mpangilio wa kazi ilivyo pale nje: kwanza tripodi, halafu tundu la lenzi na fokasi, kisha mwangaza, mwisho filta. Fokasi nitaikalia zaidi, kwa sababu ndiyo inayowasumbua wengi, na maelezo yake mengi yanayosambaa ni nusu ya ukweli.

Tripodi

Kanuni ya zamani ya kupiga picha kwa mkono inasema shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, isiwe polepole kuliko moja juu ya urefu wa lenzi (zile milimita zilizoandikwa juu yake). Lenzi ya milimita 50, sekunde 1/50. Lenzi ya milimita 200, sekunde 1/200. Kama kihisi cha kamera yako, kile kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo cha aina ya APS-C, zidisha kwanza urefu wa lenzi kwa 1.5. Kanuni hiyo ilitosha enzi za filamu na picha ndogo za kuchapishwa. Kihisi cha pikseli milioni 24 au 45 huanika mtikisiko ambao zamani usingeonekana, kwa hiyo ni busara kuongeza kasi mara mbili ya hapo. Alfajiri, kwa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) na tundu la f/11, shata huweza kufika nusu sekunde au sekunde kadhaa. Hapo hakuna mkono unaoweza, hata lenzi iwe na mfumo mzuri namna gani wa kutuliza mtikisiko.

Ukifungua tripodi, anza na vipande vinene vya juu. Vile vyembamba vya chini ni vya mwisho, ikibidi. Nguzo ya katikati ibaki chini kabisa, maana ukishaipandisha umeiweka kamera juu ya mguu mmoja na ile mitatu haina tena kazi kubwa. Mguu mmoja uelekee mbele chini ya lenzi ili uzito usivute upande ulio wazi. Kwenye mteremko, miguu miwili ikae upande wa bondeni na mmoja upande wa juu. Kaza vifungo vyote, kisha igonge kamera kidogo kwa kidole huku unatazama picha iliyokuzwa kwenye kioo. Utaona inavyotetemeka na itachukua muda gani kutulia. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili, kuna kifungo hakijakaza au ardhi ni laini.

Mkanda wa shingoni uvue au uuzungushie kwenye kamera, kwa sababu upepo ukiupiga hugeuka tanga. Begi unaweza kulitundika kwenye ndoana ya katikati kuongeza uzito, lakini liguse ardhi. Begi linaloning'inia hewani hupepesuka na kuleta mtikisiko badala ya kuuzuia.

Kisha zima mfumo wa kutuliza mtikisiko. Mfumo huo kazi yake ni kutafuta mwendo na kuupinga, na kamera ikiwa imetulia kabisa kuna aina ambazo huanza kusogeza vioo bila sababu. Kamera na lenzi nyingi za kisasa hutambua zenyewe kwamba ziko kwenye tripodi, lakini kuzima hakugharimu kitu. Cha kukumbuka ni kuwasha tena unapoishika kamera mkononi.

Usibonyeze kitufe kwa kidole na picha ikapigwa papo hapo. Tumia kuchelewesha kwa sekunde 2; kwa lenzi ndefu ya milimita 200 au zaidi, sekunde 5 hadi 10, au rimoti. Kamera zenye kioo cha ndani zina tatizo la ziada: kioo kinapopanda hugonga, na mshtuko huo huonekana hasa kwenye shata za kati ya 1/30 na sekunde 1. Dawa yake ni kukipandisha kioo mapema, kwenye menyu ipo. Kamera zisizo na kioo nazo zina pazia la shata linalogonga kidogo. Chagua pazia la kwanza liwe la kielektroniki na tatizo linaisha.

Ufukweni kanuni ya vipande vinene naivunja. Pale nafungua kipande cha chini kabisa kwanza, hata kama sikihitaji, ili viungo vyote viwe juu ya maji na mchanga. Tazama mguu wa tripodi wimbi linaporudi: maji huchota mchanga kuuzunguka, kinatokea kishimo, na mguu unazama polepole. Hilo likitokea katikati ya picha ya sekunde 20, mstari wa upeo wa macho utakuwa mnene kama umechorwa mara mbili. Kwa hiyo sukuma miguu ndani ya mchanga kwa nguvu, acha mawimbi mawili matatu yapite ili tripodi izame kadiri itakavyozama, ndipo usawazishe upeo na uanze kupiga. Ukirudi, isuuze tripodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ifungue viungo, na iache ikauke ikiwa wazi.

Tundu la lenzi na mtego wa f/22

Wanaoanza huambiwa kwamba tundu dogo huleta uwazi wa mbali na karibu, na wao wanaenda moja kwa moja f/22, kwani namba ya f ikiwa kubwa tundu huwa dogo. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ila mwanga unapopita kwenye tundu dogo hupinda ukingoni na kutawanyika, na nukta moja ya mwanga hutua kwenye kihisi ikiwa duara. Ukubwa wa duara hilo hutegemea namba ya tundu: kwa f/8 ni mikromita 11 hivi, kwa f/16 ni 21, kwa f/22 ni karibu 30. Pikseli moja ya kihisi kikubwa (milimita 36 kwa 24) cha pikseli milioni 24 ina upana wa mikromita 6. Maana yake, kwa f/22 nukta moja inafunika pikseli tano kwa upana, na picha nzima inafifia kwa usawa, mbele na nyuma. Hiyo ndiyo difraksheni, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoikwepa, kwa sababu inatokana na mwanga wenyewe.

Mtu anaweza kuuliza: mbona mwaka 1932 wapiga picha Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham na wenzao kule San Francisco waliita kundi lao f/64? Wao walitumia kamera kubwa za mbao, na filamu zake nyingine zilikuwa za inchi 8 kwa 10. Filamu ya ukubwa huo unaweza kuichapisha moja kwa moja bila kuikuza hata kidogo, kwa hiyo duara la difraksheni hubaki na ukubwa uleule mdogo ambao jicho halilioni. Kihisi cha milimita 36 kwa 24 kinakuzwa mara nyingi kabla hakijawa picha ya ukutani, na kila doa linakua nacho.

Kwa kihisi kikubwa, fanya kazi kati ya f/8 na f/11, na f/16 iwe mpaka wako wa dharura. Kwa APS-C, f/5.6 hadi f/8, mpaka f/11. Kwa vihisi vidogo zaidi vya Micro Four Thirds, f/4 hadi f/5.6, mpaka f/8. Kwa simu usihangaike na tundu, kwa kawaida halibadiliki. Shughulika na kuishikilia imara na kuzuia anga lisiungue.

Fokasi uiweke wapi?

Kuna umbali ambao ukiweka fokasi hapo, kila kitu kuanzia nusu ya umbali huo hadi mwisho wa macho kinahesabika kuwa safi. Unapatikana kwa hesabu: urefu wa lenzi ujizidishe wenyewe, ugawanye kwa namba ya tundu, ugawanye tena kwa kipimo cha ukungu kinachokubalika, ambacho kwa kihisi kikubwa kimezoeleka kuwa milimita 0.03. Kwa f/11, lenzi ya milimita 16 inakupa mita 0.8, ya milimita 24, mita 1.8, ya milimita 35, mita 3.7, ya milimita 50, mita 7.6. Programu za simu zinatoa namba hizi kwa kugusa mara moja.

Hesabu ni sahihi, ila ile 0.03 ndiyo yenye walakini. Iliwekwa kwa picha iliyochapishwa kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 25 hivi, ikitazamwa kwa umbali wa kushika kitabu. Kwenye kihisi cha pikseli milioni 24, milimita 0.03 ni pikseli tano. Ukiifuata kanuni hiyo neno kwa neno, mlima wa mbali utakaa palepale kwenye ukingo wa kinachovumilika, na mara nyingi mlima ndio ulioufuata. Jicho husamehe nyasi za mbele zilizolainika kidogo. Kilele kilicholainika halikisamehi. Ukilazimika kuchagua, upe mlima haki yake.

Njia rahisi ya kurekebisha: piga kwa f/11, lakini tumia umbali wa f/5.6. Lenzi ya milimita 24 kwa f/5.6 inadai mita 3.5. Weka fokasi hapo, na mlima utakuwa safi hata ukiukuza, huku vitu vya karibu vikiwa safi kuanzia mita 1.7.

Njia ya pili haihitaji jedwali, na ndiyo ninayoipenda. Tafuta kitu cha karibu kabisa ambacho lazima kiwe safi, pima umbali wake, kisha weka fokasi mara mbili ya umbali huo. Jiwe likiwa mita 1 mbele, fokasi iwe mita 2. Ukifanya hivyo, ukungu wa jiwe na ukungu wa mlima huwa sawasawa, hakuna unaomwonea mwenzake, na hali hiyo ni ileile kwa lenzi yoyote na tundu lolote. Kinachobaki ni kuchagua tundu la kuupunguza ukungu huo hadi uukubali. Umbali upimwe kutoka kwenye kihisi, siyo kutoka mbele ya lenzi. Kamera nyingi zina alama ya duara lililopitiwa na mstari juu yake kuonyesha kihisi kilipo. Kwa mita tano au kumi tofauti hiyo haina maana, lakini kwa nusu mita ina maana kubwa.

Sasa kuweka fokasi yenyewe. Zima fokasi ya kujiendesha. Washa picha kwenye kioo, peleka kisanduku juu ya kitu chenye kingo, kuza mara 10. Tuseme ni jiwe lenye mshipa mweupe. Zungusha pete polepole ukitazama ukingo wa mshipa: unavimba, unakonda, unakaza mpaka unaona chembechembe za jiwe, halafu unaanza kuvimba tena. Umepita. Rudi nyuma mpaka uliponyooka kabisa. Kupita na kurudi ndiko kunakokupa uhakika, kwani mtu anayesimama mara ya kwanza ukingo unapoonekana mzuri mara nyingi hajafika.

Usiamini alama ya mwisho wa macho iliyoandikwa kwenye lenzi. Lenzi nyingi huzunguka hadi kuipita alama hiyo, na ukizungusha hadi mwisho ukadhani umefika mlimani, kila kitu kinafifia. Ukibadilisha ukuzaji wa lenzi ya zumu, weka fokasi upya, maana nyingi huihamisha. Lenzi za kisasa ambazo pete yake huendesha injini zinaweza kupoteza fokasi ukizima kamera. Za zamani zenye pete ya kweli, kipande kidogo cha mkanda wa gundi kinaizuia pete isiguswe bahati mbaya.

Kitu cha mbele kikiwa karibu kuliko mita 1 na nusu, na picha unataka iwe kubwa, fremu moja haitoshi. Kwa lenzi ya milimita 24, tundu f/11 na fokasi mita 2, ukungu wa mlima ni mikromita 26, zaidi ya pikseli nne. Hapo piga fremu kadhaa zenye fokasi tofauti na uziunganishe baadaye. Weka f/8, mwangaza uweke kwa mkono, mizani ya rangi usiiache ijiamulie, na usiguse zumu. Fremu ya kwanza ipate kitu cha karibu kabisa, ya mwisho ipate mlima, na katikati kuwe na fremu moja hadi tatu. Kila fremu iingiliane na inayofuata. Pengo likitokea, utaona ukanda wa ukungu unaokatiza nyasi katikati, na hakuna programu inayoweza kuuziba. Acha nafasi kidogo pembeni mwa picha, kwa sababu fokasi inapohama ukubwa wa picha nao hubadilika kidogo na kingo zitakatwa. Photoshop inaunganisha, na Helicon Focus na Zerene Stacker zimetengenezwa kwa kazi hiyo hasa.

Upepo ndio unaoikwamisha njia hii. Nyasi zikisogea kati ya fremu mbili, muunganiko unatoa majani yenye vivuli viwili. Fremu za mbele peke yake zipige kwa ISO 400 au 800 na shata ya 1/125 hadi 1/250, ukisubiri upepo upumzike, na upige kadhaa uchague moja iliyotulia. Fremu ya mlima inaweza kubaki ISO 100. Mchanga wa picha, yaani chembechembe, unaoletwa na ISO 800 unaondoleka vizuri siku hizi, ilhali jani lililopepea ndani ya sekunde nzima haliondoleki. Wengi hung'ang'ania ISO 100 kana kwamba ni sheria, wakaleta nyumbani picha isiyo na chembe ya mchanga na isiyo na jani hata moja lililo safi.

Jambo moja hakuna tripodi wala fokasi inayoliponya: mvuke wa joto. Ukitumia lenzi ya milimita 200 mchana juu ya ardhi iliyochomwa na jua, hewa yenyewe inapinda mwanga na milima inaonekana kama inayeyuka. Ukikuza kwenye kioo utaona kingo zinacheza. Funga begi, rudi asubuhi.

Anga lisiungue

Piga RAW, yaani faili ghafi ya kihisi. Faili ya JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina nafasi ya ngazi 16,384. Vivuli vilivyolala gizani unaweza kuviinua stopu mbili au tatu (kila stopu ni mwanga mara mbili) na vikawa na maana. Mwanga uliozidi hadi pikseli kujaa hauna kitu ndani yake cha kurudisha. Ndiyo maana mwangaza wa mandhari hupimwa kwa sehemu angavu, na vivuli hufuata.

Tazama histogramu, ile grafu ya mwanga yenye giza kushoto na angavu kulia, usitazame picha, kwa kuwa gizani kioo huonekana kinang'aa na mchana huonekana cheusi. Kilima cha histogramu kisigonge ukuta wa kulia. Jua likichomoza au likizama, fungua histogramu ya rangi tatu: nyekundu hujaa kwanza, wakati ile ya jumla bado inaonyesha kuna nafasi. Ukiiachia nyekundu ijae, mawingu ya rangi ya chungwa yatageuka bamba la njano lisilo na mikunjo. Ujue kwamba histogramu hiyo inatokana na JPEG ndogo iliyo ndani ya RAW. Ukichagua mtindo wa picha usio na utofauti mkali, itakaribia ukweli zaidi.

Jua lenyewe likiwa ndani ya picha, duara lake litaungua, na hilo halina shida. Lizuie lisiunguze anga linalolizunguka. Kwa f/16 jua huchomoza miale: lenzi yenye mapanga ya tundu (vibati vinavyolifunga) yaliyo shufwa hutoa miale idadi ileile, yenye mapanga witiri hutoa mara mbili. Mapanga 8, miale 8; mapanga 9, miale 18.

Tofauti ya anga na ardhi ikizidi uwezo wa kihisi, piga fremu tatu: moja pungufu stopu 2, moja ya kawaida, moja zaidi stopu 2. Badilisha shata peke yake. Ukibadilisha tundu, umebadilisha pia eneo lililo safi, na fremu hazitakaa pamoja. Wengine hutumia filta iliyo nusu giza nusu wazi, ya stopu 2 au 3. Inafaa sana baharini ambako upeo umenyooka. Milimani au msituni hutia giza kwenye vilele na miti, na mtu yeyote anaona, kwa hiyo huko napendelea fremu tatu.

Mizani ya rangi iweke kwenye mwanga wa jua, Kelvin 5200 hadi 5500. Ile ya kujiendesha huona wekundu wa alfajiri kuwa kosa na kuuondoa. Kwenye RAW unaweza kurudisha, lakini ukiwa nje utakuwa unafanya maamuzi kwa rangi za uongo.

Kuhusu muda: jua husafiri nyuzi 15 kwa saa. Karibu na ikweta linashuka karibu wima, na kutoka kuzama hadi kufika nyuzi 6 chini ya upeo, ambapo rangi ya buluu imekolea, ni dakika 20 na kitu. Ukienda mbali kaskazini au kusini jua linashuka kwa mshazari na muda huo unaweza kuwa zaidi ya mara mbili. Hii ina maana kwamba mtu aliye karibu na ikweta hana nafasi ya kutafuta pa kusimama mwanga ukishaanza. Fika dakika 45 kabla, tripodi iwe imesimama, fokasi imekaa, jiwe la mbele limeshachaguliwa.

Filta mbili

Polaraiza ndiyo filta ambayo kompyuta haiwezi kuiga. Huondoa mng'ao kwenye majani yaliyolowa, ukaona kijani chake halisi, na huondoa mng'ao wa maji ukaona mawe ya chini. Inakula stopu 1 hadi 2. Kwenye anga, nguvu yake iko nyuzi 90 kutoka kwenye jua: elekeza kidole cha shahada kwenye jua, simamisha kidole gumba pembe mraba, kisha zungusha mkono, kila pale kidole gumba kinapopita ndipo anga litakapokolea. Hapo hapo ndipo hatari ya lenzi pana ilipo. Lenzi ya chini ya milimita 24 inaona anga pana kiasi kwamba sehemu moja inakolea na nyingine haikolei, na unapata doa la buluu nzito katikati. Izungushe nyuma mpaka doa lipungue, au ivue. Kwa maji, nguvu yake ni kubwa ukiyatazama kwa pembe ya nyuzi 37 kutoka usawa wa maji. Ukiyatazama wima kutoka juu haifanyi kitu. Na upinde wa mvua ukitokea, izungushe kwa uangalifu, kwani upande mmoja inaukoleza na upande mwingine inaufuta kabisa.

Filta ya giza ni kwa ajili ya maji na mawingu. Ya stopu 6 hurefusha shata mara 64, ya stopu 10 mara 1,000 na kidogo. Bila filta 1/15, kwa stopu 6 inakuwa sekunde 4. Bila filta 1/60, kwa stopu 10 inakuwa sekunde 17. Utaratibu una mpangilio wake na ukiuvuruga unaanza upya: panga picha, weka fokasi, hamishia kwenye fokasi ya mkono, pima mwangaza, ndipo ufunge filta taratibu bila kuzungusha pete ya lenzi. Fokasi ya kujiendesha mara nyingi haioni kitu nyuma ya stopu 10. Kamera yenye tundu la kuchungulia la kioo, lizibe, maana mwanga huingia kwa nyuma na kuacha utepe mwekundu au wa zambarau katikati ya picha. Filta za bei nafuu huleta rangi ya bluu au kahawia. Kama ni RAW, irekebishe kwenye mizani ya rangi.

Kasi ipi ya maji ni suala la kuamua kwa macho, na mimi nina upande wangu. Maporomoko kwa robo sekunde hadi sekunde 1 yanabaki na nyuzi zake, unaona maji yanavyogawanyika kwenye mwamba. Yakipita sekunde 3 au 4 yanakuwa shuka jeupe, na sehemu nyeupe huungua upesi kwa kuwa maji angavu yanapita juu ya pikseli zilezile muda wote. Kwa wimbi la ufukweni, bonyeza linapoanza kurudi, siyo linapokuja, kwa nusu sekunde hadi sekunde 1; povu linavutwa na kuacha mistari inayoelekea baharini. Ukitaka bahari iwe ukungu, nenda dakika 1 na zaidi. Zima ile kazi ya kamera ya kusafisha mchanga wa picha ndefu kama mwanga unabadilika haraka, kwa sababu baada ya picha ya sekunde 60 kamera itakufungia sekunde nyingine 60.

Kabla ya kukunja tripodi, kuza picha ya mwisho kwenye kioo na upite pembe zote nne, kitu cha mbele, na kilele. Angalia pia kama kuna tone la maji au umande kwenye lenzi. Doa laini lililo mahali pamoja kwenye kila picha ni tone, doa dogo jeusi angani linaloonekana f/16 na kupotea f/5.6 ni vumbi kwenye kihisi. Tone unalifuta palepale kwa kitambaa laini. Vumbi lipulize kwa kipulizio cha mpira ukiwa ndani ya nyumba, kamera ikitazama chini, na usilipulize kwa mdomo, maana mate yakitua kwenye kihisi ni magumu kuyatoa kuliko vumbi lenyewe.